Uzi: Altrasaundi ya wiki 32 hadi 36, majibu yake yanabadilisha nini kwenye maandalizi ya leba?

Mkunga_Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu na mama vijacho wote, habari za jioni.

Mama anatoka chumba cha picha ameshika karatasi, na kichwani ana maneno mawili tu: "mtoto mzima". Au kapewa neno moja la kutisha na hakuna aliyekaa naye kumweleza. Huu ni uzi wa kuisoma karatasi hiyo mstari kwa mstari, halafu kila jibu tuliulize: linabadilisha mahali pa kujifungulia, siku ya kuondoka nyumbani, au damu ya kuweka tayari? Kama halibadilishi hata kimoja, liache lipite.

Naanza na tarehe, maana makosa mengi huanzia hapo.

Hesabu ya hedhi: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Aliyeona tarehe 10 Machi anatarajiwa 17 Desemba. Hesabu hii inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28 hivi na anayeikumbuka tarehe yake. Aliyeshika mimba akiwa ametoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango, au akiwa bado ananyonyesha, tarehe yake si ya kutegemea.

Picha ya kati ya wiki 9 na 14 hukosea siku 5 hadi 7. Ya wiki 20 hukosea kama siku 10. Kuanzia wiki 28 inaweza kupotoka hata wiki 3. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mama apate walau picha moja kabla ya wiki 24. Picha hiyo ya mapema ndiyo ya kulinganisha na hedhi: kati ya wiki 9 na 14, tofauti ikizidi siku 7, fuata picha. Ikiwa siku 7 au pungufu na mama ana uhakika na hedhi yake, tarehe ya hedhi inabaki. Ikishapatikana tarehe moja, haibadilishwi na picha ya baadaye hata ikiwa imepigwa kwenye mashine mpya. Mwombe muuguzi aiandike kwa kalamu kwenye RCH4, kadi yako ya kliniki ya wajawazito, na aizungushie duara. Karatasi zote ziende leba, hata ile iliyokunjika.

Mpiga_Picha

Sista umeanza pazuri. Niongezee ya upande wetu.

Vifupisho vinne vinajirudia kwenye kila ripoti. BPD ni upana wa kichwa, HC mzunguko wa kichwa, AC mzunguko wa tumbo, FL urefu wa mfupa wa paja. Mashine inavichanganya na kutoa EFW, yaani uzito wa kukadiria, na makadirio hayo hupotoka asilimia 10 hadi 15 juu au chini. Karatasi ikisema kilo 3.2, mtoto anaweza kuzaliwa na 2.8 au na 3.6. Kwa hiyo msikimbilie kuomba upasuaji kwa sababu ya kilo 3.9 ya karatasi peke yake.

Mwishoni mwa mimba BPD hudanganya. Kichwa kikishashuka kwenye nyonga, au mtoto akiwa amekaa makalio, fuvu linabanwa na kuwa refu jembamba, na upana unaonekana wa mtoto mdogo. HC inahimili zaidi.

Mstari wa kutazama sana ni AC. Mtoto asiyepata cha kutosha kupitia kondo la nyuma hulinda ubongo kwanza, ini linakosa akiba, tumbo linabaki dogo wakati kichwa kinaendelea kukua. Hapo ndipo ile tarehe inapoleta balaa. Mashine ikipima mtoto wa wiki 34 na kukuta ukubwa wa wiki 31, inaandika yenyewe EDD mpya, yaani tarehe ya kutarajiwa kujifungua, wiki 3 mbele. Mtu akiipokea hiyo tarehe, mtoto aliyedumaa tumboni anageuka mtoto ambaye "bado hajafikisha umri", na hakuna atakayemfuatilia tena. Ukiona tofauti kubwa hivyo, usishukuru kuongezewa muda. Uliza: mtoto ni mdogo kwa umri wake? Kipimo cha mtiririko wa damu kwenye kitovu kinapatikana wapi?

Picha ya kuangalia ukuaji irudiwe baada ya wiki 2 au zaidi. Ukirudia baada ya siku 5, ukuaji wenyewe unamezwa na makosa ya kipimo.

Mapigo ya moyo, FHR, ni 110 hadi 160 kwa dakika. Hayasemi mtoto ni wa kike au wa kiume.

Baba_Kijacho

Shukrani wataalamu. Karatasi ya wiki 21 ikiandika "kondo liko chini, sm 1.4 kutoka mlango wa kizazi", familia ifanye nini? Kliniki wanasema wasiwe na wasiwasi, wazee wanasema mama alale asiinuke kabisa.

Dokta_Thieta

Baba Kijacho, kliniki wako sawa kwa wiki 21, ila jambo hilo lisisahaulike.

Wiki 21 sehemu ya chini ya kizazi bado haijanyooka. Inatanuka miezi ya mwisho, na kwa walio wengi kondo huonekana limepanda na kuuacha mlango. Rudieni picha wiki 32. Likiwa bado chini, rudieni tena wiki 36. Mambo mawili ya kumwambia mpiga picha: kwanza, kibofu kilichojaa sana husukuma ukuta wa kizazi na kufanya kondo lionekane limefunika mlango wakati halijafunika, kwa hiyo mama akojoe, apimwe tena. Pili, picha ya kupitia ukeni ndiyo inayopima umbali vizuri, na ni salama hata kondo likiwa chini kwa sababu kifaa hakiingii kwenye mlango wenyewe.

Wiki 36, umbali ukiwa sm 2 au zaidi, uchungu wa kawaida unaruhusiwa. Chini ya sm 2, mpango upangwe na daktari aliyeiona picha. Likiwa limefunika mlango, ni upasuaji, kwa kawaida wiki ya 36 au 37, kabla uchungu haujaanza. Mahali ni hospitali yenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi saa 24 na damu iliyo tayari kwenye friji. Zahanati haitoshi, hata mkunga wake awe hodari kiasi gani. Anayeishi mbali ahamie karibu na hospitali kuanzia wiki 34 hivi, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria uzazi kama ipo.

Kulala kitandani mchana kutwa bila kutokwa damu hakuzuii chochote, na kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Kinachozuiwa ni tendo la ndoa na vidole ukeni. Damu nyekundu mbichi isiyo na maumivu, hata ya kuchafua nguo ya ndani tu, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Anayempeleka aseme mlangoni kabla ya salamu kuwa ndefu: "Kondo liko chini, asipimwe njia kwa vidole." Kidole kinaweza kuchana kondo na damu ikatoka kama bomba.

Aliyekwishapasuliwa asome hapa mara mbili. Kondo lililofunika mlango na kukaa juu ya kovu la zamani linaweza kuota ndani ya msuli wa kizazi na kukataa kubanduka. Kwa mwenye kondo la namna hiyo anayeingia upasuaji wa pili, hatari ni kama 11 kwa 100. Anayeingia wa tatu, kama 40 kwa 100. Huyo apewe rufaa mapema kwenda hospitali ya kanda au ya taifa (Muhimbili, KCMC, Bugando, Mbeya), siyo kusubiri uchungu ndipo gari litafutwe.

Mama_K

Na mtoto aliyekaa makalio wiki 33? Mtaani kuna bibi anayekanda tumbo mpaka mtoto ageuke.

Mkunga_Zamu

Dada, wiki 33 bado ana nafasi ya kujigeuza. Wiki 28 kama mtoto mmoja kati ya wanne amekaa makalio. Mimba ikitimia wanabaki 3 au 4 kwa 100. Swali la mkao linaanza kuwa na uzito wiki 36.

Kukandwa, hapana. Mikono ya bibi haijui kondo limekaa ukuta gani wala kitovu kimezunguka wapi. Tumbo likisukumwa kwa nguvu kondo linaweza kubanduka, mtoto akakosa hewa ndani, na mama akavuja damu ambayo nje haionekani. Daktari naye humgeuza mtoto kwa mikono, wiki 36 au 37, ila anaanza na altrasaundi, anasikiliza mapigo kabla na baada, mama anapewa dawa ya kulegeza kizazi, na chumba cha upasuaji kiko hatua chache. Hufaulu kwa karibu nusu ya wanaojaribiwa. Hafanyiwi mwenye kondo lililotangulia (lililofunika mlango), anayetokwa damu, aliyepasukiwa chupa (mfuko wa maji ya uzazi), au mwenye mapacha. Mwenye damu ya Rh hasi (kundi lenye alama ya kutoa, kama O−) achomwe sindano ya kinga baada ya hapo, ndani ya saa 72.

Akibaki makalio hadi wiki 38, mabadiliko ni mawili. Mahali: penye upasuaji. Muda: chupa ikipasuka hakuna kusubiri uchungu ukolee, kwa sababu makalio au miguu haizibi mlango kama kichwa, na kitovu kinaweza kuchomoka mbele ya mtoto. Kitovu kikionekana nje au mama akihisi kitu laini chenye mapigo, apige magoti, kifua kiguse sakafu, makalio yawe juu, na asafirishwe hivyo hivyo kwenye kiti cha nyuma. Kisisukumwe ndani wala kisishikwe-shikwe. Funika kwa kitambaa safi chenye unyevu.

Aliyelala kukingama baada ya wiki 37 ni wa kulazwa. Huyo asiachwe akasubiri nyumbani kijijini.

Mpiga_Picha

Kabla haijaulizwa: "kitovu kimezunguka shingo". Kinaonekana kwa watoto wengi mno, kama mmoja kati ya wanne au watano wanaozaliwa, na walio wengi huzaliwa salama kwa njia ya kawaida. Mkunga hukitelezesha kichwa kikitoka. Hakibadilishi mahali, tarehe wala damu. Wapiga picha wengine hata hawakiandiki kwenye ripoti, na nakubaliana nao.

Vilevile "kondo limekomaa daraja la 3". Wiki 38 hiyo ni hali ya kawaida. Wiki 30 ni sababu ya kuangalia ukuaji.

Mwana_Kisauni (Mombasa)

Wataalamu hamjambo. Huku kwetu mama akiambiwa maji ya mtoto ni machache, jibu la kwanza ni "kunywa maji lita 3 kwa siku, wiki ijayo yamejaa". Ni kweli?

Mpiga_Picha

Nusu. Mama aliyekaukiwa akinywa vizuri, kipimo hupanda kidogo. Ila maji ya uzazi kwa umri huu ni mkojo wa mtoto. Yakipungua kuna sababu: chupa inavuja taratibu, kondo halipeleki damu ya kutosha, mimba imepita muda, au figo za mtoto zina shida. Glasi za maji hazizibi chupa iliyotoboka.

AFI ni jumla ya mifuko minne ya maji tumboni. Kawaida ni sm 5 hadi 25. Wengine wanapima mfuko mmoja mrefu kuliko yote, na huo uwe sm 2 hadi 8. Usilinganishe AFI ya hospitali moja na mfuko mmoja wa hospitali nyingine ukadhani maji yamekauka kutoka 9 hadi 3. Ni vipimo viwili tofauti.

Dokta_Thieta

Na kabla ya kumpa mtu chupa ya maji mwambie avae pedi safi kavu, atembee saa moja, aiangalie. Mkojo una harufu yake. Maji ya uzazi hayana harufu ya mkojo na yanaendelea kutoka akikohoa au akiinuka. Pedi ikilowa, aende hospitali nayo. Maji ya kijani au kahawia ni kinyesi cha mtoto, na hilo ni la haraka.

Maji machache na mtoto kucheza kidogo yakikutana, asisubiri miadi. Kila mama aujue mchezo wa mtoto wake mwenyewe. Ukipungua waziwazi kuliko kawaida yake, alale ubavu wa kushoto, atulize akili, ahesabu. Saa mbili zikipita bila michezo 10, ni hospitali siku hiyo, hata saa 6 usiku. Asipewe soda baridi ya "kumwamsha mtoto" na kuambiwa arudi asubuhi.

Mwana_Kisauni

Ahsanta sana daktari. Kwa ndugu zangu wa Kenya niongeze: tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ni SHA, si NHIF tena, na ile Linda Mama, mpango wa uzazi bila malipo, nayo imebadilishwa. Usajili ufanywe mapema, mume na mke, kabla ya wiki 36. Kusajiliwa mlangoni pa wodi huku mama ana uchungu ni mateso matupu. Kijitabu cha mama na mtoto kiwe ndani ya mfuko, pamoja na kitambulisho.

Baba_Kijacho

Tuje kwenye mfuko wenyewe. Orodha za mtandaoni ni ndefu na nyingi zimeandikwa kwa ajili ya hospitali za Ulaya.

Mkunga_Zamu

Sera ya Tanzania ni huduma ya uzazi bila malipo kwenye vituo vya serikali, lakini dawa na vifaa vikiisha familia inaambiwa inunue, na duka la dawa saa 9 usiku liko mbali. Andaa wiki 34. Mwenye mapacha, kondo chini au presha, wiki 30. Ulizeni kliniki orodha ya kituo chenu, kisha mlinganishe na hii.

Mfuko wa leba, mdogo, unaoshikwa mkononi: glovu safi za kujifungulia zilizofungwa pea mbili mbili, pea 5 au 6 (saizi 7.5 inawatosha watoa huduma wengi); mpira wa kutandika mita 2; pamba rola moja la gramu 500; klipu za kitovu 2; wembe mpya ambao haujafunguliwa 1; khanga doti 3; kofia na soksi za mtoto; pedi kubwa pakiti 1; maji ya kunywa lita 1.5 na uji au chai yenye sukari kwenye chupa ya chai. Kadi, karatasi za picha, jibu la kundi la damu na la wingi wa damu viwe kwenye bahasha ya plastiki juu kabisa.

Mfuko wa wodi unabaki kwa ndugu: nguo za mtoto seti 3, taulo, beseni, sabuni, ndala, nguo za mama zinazofunguka mbele, pedi pakiti nyingine.

Khanga. Khanga mpya ya dukani ina wanga na hainyonyi maji. Mtoto akifutwa nayo anabaki na majimaji mwilini na kupoa ndani ya dakika chache. Zifuliwe mara mbili, zianikwe juani, zipigwe pasi, zikunjwe. Mbili ziwe juu: ya kwanza inamfuta na kutupwa pembeni, ya pili kavu inamfunika akiwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Kumwacha ndani ya ile iliyolowa ndiyo njia ya haraka ya kumpoza.

Asali isiwemo kwa ajili ya mtoto. Wala maji ya sukari. Ziwa lake ndani ya saa moja, basi.

Mama_K

Sindano ya kuzuia damu nayo tununue tuweke?

Dokta_Thieta

Hapana, mama. Oksitosini inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa wiki tatu ndani ya mkoba Dodoma mwezi wa Oktoba, inakuwa maji. Inatoka kwenye friji ya kituo, yuniti 10, dakika ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa. Mtu asije akamchoma mama nyumbani ili "kuharakisha uchungu": kizazi kinabana bila kuachia, mtoto anakosa hewa, na mwenye kovu kizazi kinapasuka.

Na hii naisema kwa heshima kwa wazee wetu: dawa za mizizi na majani za kuongeza uchungu zinafanya kazi kama hiyo, tofauti ni kwamba hakuna anayejua kipimo. Sindano ya drip tunaihesabu matone na tunaweza kuifunga. Kikombe kikishanyweka hakifungiki. Kama mama amekwisha kunywa, mwambieni mkunga bila kuficha. Akikuta mikazo 6 ndani ya dakika 10 atajua asiongeze drip juu yake. Hakuna wa kugombezwa hapo. Tunataka habari tu.

Mkunga_Zamu

Damu sasa, maana inasahaulika hadi saa ya mwisho.

Kundi la damu na wingi wa damu vijulikane kabla ya wiki 36. Chini ya 11 ni upungufu. Wiki 32 bado kuna muda wa vidonge vya madini ya chuma kupandisha. Wiki 39 hakuna. Visinywewe na chai wala maziwa, vinazuia chuma kuingia. Kichefuchefu kikizidi, anywe usiku baada ya chakula.

Ndugu wawili au watatu wachangie damu mapema. Mchangiaji awe na miaka 18 au zaidi na uzito usiopungua kilo 50. Mwanaume husubiri miezi 3 kabla ya kuchangia tena, mwanamke miezi 4. Damu inayotolewa leo haitiwi kwa mgonjwa leo hii hii. Inapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Kwa hiyo shemeji anayefika mbio saa 8 usiku akiwa amekunja mkono wa shati amechelewa, japo moyo wake ni mzuri.

Mwenye Rh hasi ni kundi la kutafutia ndugu zake mapema zaidi, na aulize sindano ya kinga inapatikana wapi kabla ya kujifungua, kwa sababu vituo vingi haipo.

Baba_Kijacho

Usafiri na saa ya kuondoka?

Mkunga_Zamu

Uchungu wa uongo unabana mbele, unakuja na kukaa bila mpango, na unatulia mama akilala au akioga maji ya uvuguvugu. Wa kweli unaanzia kiunoni kuja mbele, unakaribiana, unarefuka, hautulii kwa kubadilisha mkao. Ute wenye michirizi ya damu unaweza kutangulia siku kadhaa, peke yake si sababu ya kukimbia.

Kwa mimba ya kwanza, mtoto kichwa, picha nzuri, na hospitali umbali wa nusu saa: ondoka mikazo ikiwa kila dakika 5, kila mmoja sekunde 45 hadi 60, kwa saa nzima. Mimba ya pili na kuendelea, ondoka mapema zaidi, ikiwa kila dakika 10 imeshika mpangilio. Kijijini, barabara ya vumbi, masika: ikianza tu kushika mpangilio, ondoka. Mwenye kovu la upasuaji, mapacha, makalio, au kondo chini: mkazo wa kwanza wa kweli, au chupa kupasuka, ondoka.

Ukifika mapema ukaambiwa njia imefunguka sm 3, usione umeaibika. Leo hatua ya uchungu wenyewe inahesabiwa kuanzia sm 5, na kutoka hapo mimba ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 12, zinazofuata hadi 10. Mama atembee, akae, achuchumae, anywe, akojoe kila saa mbili. Kibofu kilichojaa kinamzuia mtoto kushuka. Asisukume kabla njia haijafunguka yote, hata mashangazi wakimhimiza "sukuma, sukuma". Mlango unavimba na kuchelewa zaidi.

Dharura Tanzania: piga 115, mfumo wa m-mama, bure. Unaunganishwa na gari la wagonjwa, au dereva wa kijamii aliyesajiliwa pale gari lisipokuwepo. Namba hiyo iandikwe ukutani, siyo kwenye simu ya mtu mmoja inayozimika chaji.

Visivyosubiri hesabu ya mikazo: kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu au nyota, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, degedege, homa, damu, tumbo kuwa gumu kama ubao bila kulegea. Presha ya 140/90 tayari ni ya kufuatiliwa. 160/110 ni dharura hata kama mama anacheka.

Dokta_Thieta

Mtoto akishatoka, msindikizaji asiondoke kwenda kupiga simu za pongezi. Damu nyingi za baada ya uzazi hutoka saa mbili za mwanzo. Mililita 500 ni kipimo cha kuita timu, na macho hukadiria pungufu. Utafiti wa E-MOTIVE uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliotolewa 2023, ulionyesha kuwa kupima damu kwa mfuko wenye mistari uliowekwa chini ya mama, na kutoa matibabu yote kwa pamoja mara tu kipimo kikifika, kunapunguza sana kuvuja damu kupita kiasi. Pasipo na mfuko huo: pedi inayolowa chapa ndani ya dakika 15, mama kupauka, kuhisi baridi, kusema "naona giza". Ita. Ita kwa sauti.

Mama_K

Swali la mwisho kwangu. Mwenye uhakika na hedhi yake, kwa hesabu hiyo ana wiki 41 leo. Picha ya wiki 9 ilimpa siku 6 pungufu. Picha ya wiki 35 inampa wiki 39. Kituo kimoja kimemwambia arudi baada ya wiki mbili.

Mkunga_Zamu

Dada, picha ya wiki 35 iweke pembeni, hiyo haihusiki kwenye tarehe. Ya wiki 9 ina tofauti ya siku 6, haijazidi 7, kwa hiyo tarehe ya hedhi inabaki. Ana wiki 41 kamili, na hapo ndipo kuanzishiwa uchungu kunapopendekezwa. Wiki mbili ni nyingi mno, na ile wiki 39 ya picha ya mwisho pengine inasema mtoto ni mdogo. Aende kesho asubuhi hospitali yenye upasuaji, na karatasi zote mbili pamoja na kadi. Aombe vitu vitatu: mapigo ya mtoto yasikilizwe, maji yapimwe, na njia iangaliwe kama imeanza kulainika. Na usiku huu ahesabu michezo ya mtoto; ikipungua, asingoje kupambazuke.